Nani Katutuma Tupige Hodi?

Ubishi wa kama kuna viumbe hai katika sayari nyingine umefika kila kijiwe. Huyu anaapa kwamba wapo, eti mbingu kubwa namna hii haiwezi kuwa tupu. Yule anajibu kwamba kama wangekuwapo wangekwisha kuja zamani, tena wangekuwa wameshatunyang'anya hata hili benchi tunalokalia. Wote wawili wana sauti kubwa, na wote wawili hawana ushahidi. Mwaka 1995 wanasayansi wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, walitangaza sayari inayozunguka nyota inayofanana na Jua letu. Tangu hapo zimethibitishwa sayari zaidi ya 5,000 za namna hiyo. Katika hizo zote haijathibitishwa hata moja yenye uhai, hata uhai wa ukungu wa mkate.

Basi, ndugu msomaji, sitajaribu kuumaliza ubishi huo. Nina swali jingine, na naona tunalipita kama vile halituhusu. Kabla hatujajua kama nyumba ina mtu, nani katutuma tupige hodi?

Maana hodi imekwisha kupigwa. Tarehe 16 Novemba 1974, kutoka kwenye darubini kubwa ya redio ya Arecibo, kule Puerto Rico, ulirushwa ujumbe kuelekea kundi la nyota liitwalo M13. Ulichukua dakika zisizofika 3. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa mtu, mchoro wa Jua na sayari zake, na idadi ya watu wote waliokuwa duniani wakati ule. Walituhesabu. Hawakutuuliza.

Mwaka 1977 Marekani ikarusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Humo mna salamu katika lugha 55. Juu ya jalada pamechorwa ramani ya kuonyesha Jua letu lilipo. Salamu zenyewe ni za upole. Ile ya Ki-Amoy, lugha ya kusini mwa China, inawauliza viumbe hao kama wamekwisha kula, halafu inawakaribisha wapite kututembelea wakipata nafasi. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo. Kiswahili hakimo.

Wapo wenzangu wanaochukia wakilisikia hilo. Jamani, lugha yetu yote hii, wametuacha! Mimi silii sana. Kuwa na sauti ndani ya santuri ni jambo moja, kuulizwa kama santuri iende ni jambo jingine kabisa. Hata tungekuwamo, na "hamjambo" yetu nzuri, tungekuwa tumealikwa kuimba katika harusi ambayo mahari yake ilikwisha kupokewa na wengine.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza wataniambia: wewe mwenyewe umesema hatujui kama wapo. Kama hawapo, hasara iko wapi? Nami nauliza: baba mdogo akiweka rehani shamba la ukoo bila kuwaita ndugu zake, kisha kwa bahati akalipa deni na shamba likabaki, je, hakuwakosea? Amewakosea siku ile ile alipotia sahihi. Mwisho mwema haugeuzi dhuluma kuwa haki.

Tena shamba hili lina wenyewe ambao hawajazaliwa. M13 iko mbali kiasi kwamba mwanga, na kasi yake yote ile, huchukua kama miaka 25,000 kufika. Hata huko angekuwapo wa kujibu, jibu lingetumia miaka mingine kama hiyo kurudi. Aliyebonyeza kitufe mwaka 1974 alijua hatakuwapo. Sir Martin Ryle, mnajimu mkubwa wa Uingereza, alipinga wakati ule ule. Aliona ni hatari kutangaza tulipo kwa watu tusiowajua.

Pili wataniambia kwamba redio na televisheni zetu zinavuja kuelekea angani kila siku, kwa hiyo siri ilikwisha kutoka. Sawa. Lakini kelele za nyumbani, za masufuria na watoto, hufifia kabla hazijafika mbali. Kusimama mlangoni na kumwita mtu kwa nguvu ni kitendo cha makusudi. Na mlango ukishaachwa wazi, yeyote huusimamia. Mwaka 2008 kampuni moja ya vitafunio ilirusha tangazo lake la biashara kuelekea mfumo wa nyota ya mbali. Sauti ya dunia, bwana, ikiuza chipsi!

Sisi tunaojifunza kuandika tunalijua jaribu hili. Unashika kalamu, unaandika "sisi vijana", "sisi wanyonge", na hakuna aliyekukabidhi hiyo "sisi". Lakini mwandishi huweka jina lake, na toleo lijalo mtu wa Temeke au Eastleigh anaweza kuniandikia kwamba mimi si msemaji wake. Ujumbe ule wa Arecibo hauna wa kuusahihisha. Haurudi, haupingwi, na chini yake hakuna jina la Frank Drake na wenzake walioutunga. Umewekewa majina yetu sote.

Sisemi tujifungie ndani. Tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha utafiti kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake, kilipewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupokea mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota na kutuchorea ramani yake. Kiswahili kilipopanda juu kwa jina hilo kilikwenda kutazama. Kutazama na kusikiliza hakumfungi mtu ambaye hajaulizwa, na mimi naunga mkono kila darubini inayofanya hivyo.

Kuita ni kitu kingine. Kuita kuletwe kwenye kikao, hata kama ni Umoja wa Mataifa, ambako angalau kisiwa kidogo nacho kina kura. Mtasema tutabishana miaka mia. Tubishane. Mbele ya safari ya miaka 50,000, miaka mia ya kuulizana ni kitu gani?

Na siku hiyo ikifika, huenda mimi nikasema ndiyo, waiteni. Napenda wageni. Lakini niulizwe.