Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Wahenga wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika maneno hayo machache waliweka sheria nzima ya ukarimu. Siku mbili za kwanza ni za mgeni: ale, anywe, apumzike, asimulie habari za huko atokako. Siku ya tatu ni ya nyumba: mgeni ashike jembe, maana sasa yu mwenzetu. Lakini liko jambo moja ambalo methali hii yalisema bila kulitaja. Jembe ni la mwenyeji. Mwenyeji ndiye ampaye mgeni, naye ndiye amwonyeshaye shamba lipi lalimwa na tuta lipi limekwisha kupandwa.

Tufanyeje basi na mgeni ajaye na jembe lake mwenyewe begani, ambaye amekwisha kulichagua shamba kabla hajapiga hodi?

Swali hili si la mchezo. Kila mwaka, tangu Juni hata Agosti, shule za Ulaya na Marekani zikiwa katika likizo ya kiangazi, huja nchini mwetu vikundi vya vijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba, pamoja na walimu wao. Safari zao zina sehemu mbili. Kwa juma moja au mawili hutoa huduma: hujenga darasa, hupaka rangi zahanati, hucheza na watoto katika nyumba za yatima. Kisha huenda mbugani kutazama wanyama, au hupanda Mlima Kilimanjaro, au huvuka bahari kwenda Unguja kuogelea. Huduma na matembezi hulipiwa katika nauli moja.

Kikundi cha namna hiyo kilifika katika parokia moja ya huku Temeke, ambayo hatutaitaja, ili kujenga ukuta wa darasa la chekechea. Fedha za saruji na matofali walikuja nazo wenyewe, kwa sharti kwamba ukuta ujengwe kwa mikono yao. Siku moja, baada ya Misa ya asubuhi, kijana mmoja alitungojea nje ya mlango wa sakristia. Ni fundi mwashi, aliyehitimu katika chuo cha VETA pale Chang'ombe. Ana mke na mtoto mmoja, na msingi wa darasa lile aliujenga yeye. Alisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitikiwa, kisha akasema kwa upole: "Padre, nimeambiwa nipumzike majuma mawili ili wageni wajenge ukuta. Mimi siwakatai wageni. Ila naomba kuuliza. Mnaposema wamekuja kuwasaidia maskini, maskini huyo ni nani? Maana majuma haya mawili mimi sina kazi."

Tulimjibu maneno ya kumtuliza, akashukuru, akaenda zake. Lakini maneno yale hayakuwa jibu, na dhamiri yetu yatudai jibu hata leo.

Wako wasemao: Mkono mtupu haulambwi. Wageni wameleta fedha. Waacheni wajenge wapendavyo, kwani ukuta ni ukuta. Wako na wengine wasemao kwamba watu hawa wafukuzwe, maana wanakuja kututazama kama watazamavyo tembo. Majibu yote mawili ni mepesi mno. La kwanza lauza heshima ya fundi yule kwa mifuko ya saruji. La pili lasahau kwamba kumpokea mgeni ni agizo la Bwana wetu Yesu Kristo, na kwamba wahenga wale wale walisema pia: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na tusidhani kwamba fundi wetu peke yake ndiye aliyeliona jambo hili. Mwaka 2014 mwandishi mmoja wa Marekani, Pippa Biddle, alieleza kwa uaminifu safari aliyoifanya hapa Tanzania alipokuwa mwanafunzi wa shule ya bweni. Yeye na wasichana wenzake walilipa dola 3,000 kila mmoja, wakakaa juma moja katika nyumba ya yatima wakijenga maktaba, kisha juma moja mbugani. Kumbe matofali waliyoyapanga mchana hayakuwa imara. Usiku, wasichana wale wakiwa wamelala, mafundi wa mahali pale waliyabomoa na kuyapanga upya, ili kukicha wageni wasijue kwamba kazi yao imeharibika. Twaweza kucheka, lakini tukimaliza kucheka tuwafikirie mafundi wale. Walifanya kazi gizani ili sifa ibaki kwa mwingine, na mchana walisimama pembeni wakitabasamu. Je, huo ni ukarimu, au ni uongo uliovikwa kanzu ya ukarimu?

Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili mwaka 1968, Padre Ivan Illich alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda Mexico wakati wa kiangazi, akawaambia jambo lililowachoma. Njooni, aliwaambia, mtazame, mpande milima yetu, mjifunze. Ila msije kutusaidia. Maneno makali haya yana kweli ndani yake. Kutembea si dhambi. Kijana apendaye kuona mlima wenye mita 5,895 na aupande, amtukuze Muumba wake, na amlipe vema mpagazi amchukuliaye mzigo. Lakini matembezi yaitwe matembezi. Ubaya huanza pale starehe inapoazima jina la sadaka.

Hata hivyo hatuwezi kukomea alipokomea Padre Illich, kwa sababu Mkristo hana ruhusa ya kumwambia mwenzake, "Usinisaidie." Sote twasaidiana, ndiyo maana ya kuwa mwili mmoja. Tutafute basi kipimo. Mama Kanisa alikwisha kutupa, katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Utume wa Walei, iliyotolewa Novemba 1965. Hati hiyo yafundisha kwamba tendo la mapendo halina budi kuiheshimu hadhi na uhuru wa yule asaidiwaye. Kwamba nia ya msaidizi isitiwe doa na kujitafutia faida wala na tamaa ya kutawala. Kwamba haki itimizwe kwanza, ili mtu asipewe kama zawadi kile ambacho ni stahili yake. Na kwamba msaada umwongoze anayesaidiwa afikie kujitegemea.

Tuuweke ukuta wetu wa chekechea mbele ya kipimo hicho kama fundi awekavyo timazi. Je, uhuru wa wenyeji uliheshimiwa? Hapana, maana sharti lilikuja pamoja na fedha. Je, nia ilikuwa safi? Kwa vijana wenyewe twaamini ilikuwa safi. Lakini safari ilipangwa na wakubwa ili mtoto arudi kwao na picha na sifa. Je, haki ilitangulia? Fundi aliyejenga msingi aliambiwa apumzike. Je, baada ya majuma mawili tulijitegemea zaidi? Tulipata ukuta, na tukazoea kungojea. Temeke ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 1,300,000 katika sensa ya mwaka 2022. Haiwezekani kwamba miongoni mwao hakuna wawezao kujenga ukuta wa darasa la watoto. Kilichopungua kilikuwa fedha za kuwalipa.

Ukuta ukipinda, hubomolewa. Moyo wa mtoto haubomolewi ukajengwa upya usiku. Mtoto wa nyumba ya yatima ambaye kila mwezi huletewa uso mpya wa kumkumbatia, na kila mwezi uso ule huondoka usirudi, hujifunza nini juu ya upendo? Hujifunza kumrukia kila mgeni, na kutomtegemea mtu yeyote. Na hizo picha je? Ni nani kati yetu angekubali mtu asiyemjua aingie uani kwake, ampakate mwanawe, ampige picha, akawaonyeshe watu wa mji wake?

Basi tumtazame Msamaria mwema. Yeye naye alikuwa msafiri, na safari yake alikuwa nayo. Alifanya kwa mkono wake lile aliloliweza: alifunga majeraha, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake. Lakini alipofika penye nyumba ya wageni, hakumwondoa mwenye nyumba jikoni ili apike yeye. Alimkabidhi mgonjwa, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi, akaendelea na safari yake. Alimwamini mwenyeji kwamba aijua kazi yake, akamlipa. Tena aliahidi kurudi.

Na kama mtu ataka kutumika kwa mikono yake mwenyewe katika nchi ya ugeni, mfano tunao hapa nyumbani. Adriano Atiman aliuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akaoa huko, akawa tabibu na katekista wa watu wale mpaka alipofariki mwaka 1956. Alijifunza kwanza, ndipo akaja. Na alipokuja, alikaa. Hatusemi kila kijana akae miaka sitini na saba. Twasema tu kwamba asiyejua kazi na asiye na muda wa kukaa, heri aje kama mwanafunzi kuliko kuja kama mfadhili.

Lakini tukisema kweli, lawama kubwa ni yetu sisi wenyeji. Methali yatuagiza sisi ndio tutoe jembe, nasi tumeliacha kwa sababu ya fedha. Tumeogopa kusema, "Ndugu, karibuni sana, ila kazi hii ina mwenyewe." Halmashauri za parokia zina wajibu hapa. Kikundi kikiandika barua kuomba kuja, kijibiwe kwa heshima na kwa ukweli. Waje, wakae katika familia za Jumuiya Ndogo Ndogo, wale ugali na dagaa, wajifunze Kiswahili cha salamu na cha shukrani. Fundi alipwe ujira wake kamili, nao wawe saidia fundi, wachote mchanga na maji, waelekezwe na yeye. Waende Keko wakae na maseremala, waone ubao unavyogeuka kabati. Fedha wanazotaka kutoa zikabidhiwe wenyeji, zisomeshe vijana wetu ufundi. Nyumba za watoto zisiwe mahali pa kutembelewa na wapita njia. Na mwaka mwingine, ikiwezekana, mmoja wa vijana wetu aende kwao, naye apewe jembe la huko.

Tena tusimwone mzungu peke yake. Ni mara ngapi sisi wenyewe, Wakatoliki wa jiji hili, tumekwenda kwenye nyumba za yatima Jumamosi moja, na fulana zilizochapwa kwa ajili ya siku hiyo, na mchele, sabuni na mafuta ya kupikia yaliyopangwa mbele ili yaonekane pichani? Tulikaa saa mbili, tukahutubia watoto wenye njaa, tukapiga picha, tukaondoka. Bwana wetu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Sisi tumehakikisha kwamba mtaa mzima unajua.

Wazazi wakristo, vijana wenu wana likizo za Juni na Desemba. Msiwaache zipotee katika uvivu, wala msidhani kwamba utumishi ni wa watoto wa matajiri wenye nauli ya ndege. Bikira Maria alikuwa binti mdogo alipoondoka kwa haraka kwenda milimani kwa ndugu yake Elizabeti. Alikaa kama miezi mitatu tu, kisha akarudi kwao. Wala Injili haikuhesabu alichota mitungi mingapi. Aliingia katika nyumba ya mwingine, na katika nyumba hiyo mwenyeji alikuwa Elizabeti. Mpelekeni kijana wenu kwa bibi yake kijijini akapalilie. Mpelekeni Mbagala kwa mzee mgonjwa wa jumuiya yenu akafue na kuteka maji, na arudi tena wiki ijayo, bila picha. Atakayezoea kupokea jembe kutoka kwa mwenyeji maskini, huyo hata akienda Ulaya hatakuwa mzigo kwa mtu.

Yule fundi mwashi tulimkuta tena baadaye, tukamuuliza yeye angewafanyia nini wageni kama angeulizwa mapema. Alifikiri kidogo, akasema: "Ningewafundisha kushika mwiko. Wale watoto walikuwa na bidii, Padre. Hakuna aliyewaelekeza."

Hilo ndilo jibu tulilomnyima, naye ndiye aliyetupa. Wageni watakuja tena Juni. Safari hii tuanze kwa kumwita fundi.