Ujira wa Mwenye Kupenda

Nimeishi Nashville, katika jimbo la Tennessee, tangu 1998. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, ulimi huanza kusema Tanga kisha ukasita, kwa maana Tanga wanaonikumbuka kwa sura wamebaki wachache, na hapa hata muuza mikate ananijua kwa jina. Basi na tukubaliane kwamba mji wangu ni huu.

Mwezi wa Desemba 2015 mji wetu ulipata ugeni. Besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu ambao Wamarekani wanauenzi kama sisi tunavyoienzi kandanda, huwa na mkutano mkubwa kila majira ya baridi, na kila mara huhamia mji mwingine. Huja wakuu wa timu, mawakala wa wachezaji, waandishi wa habari, hata watengenezaji wa viti vya viwanjani. Mwaka ule walifikia Opryland, hoteli yenye bustani na mto wenye mashua, vyote chini ya paa la kioo. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa wazi kwa kila mtu, nami nilikaa pale siku mbili nzima, nimevaa suti yangu ya harusini, nikimsubiri binti yangu.

Huyu binti alikulia hapa. Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimpeleka Greer Stadium, uwanja wa timu ya Nashville Sounds, uliokuwa na ubao wa matokeo wenye umbo la gitaa. Nilimpeleka kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi na jioni za kiangazi ni ndefu. Sikujua kwamba nilikuwa nikipanda mbegu. Mwenzangu alijifunza kuandika kila tukio la mchezo kwa alama ndogondogo kwenye daftari, na alipomaliza chuo alitangaza kwamba hataki kazi nyingine duniani.

Sambamba na mkutano ule kulikuwa na soko la ajira. Vijana walikuja kutoka kila jimbo, wengi kwa nauli za kukopa, wakalipa kiingilio ili waruhusiwe kuomba kazi. Nafasi zilibandikwa ukutani: kuuza tiketi, kutunza nyasi, kuburuta turubai mvua inaponyesha. Vijana waliovaa tai walizisoma kwa macho ya mtu anayetafuta jina lake katika matokeo ya mtihani. Na juu ya vichwa vyao, katika ukumbi uleule, wazee walikuwa wakizungumza habari za Zack Greinke, mrusha mpira aliyekubaliana na timu ya Arizona mkataba wa miaka 6 kwa dola milioni 206.5.

Binti yangu akapata. Msimu mmoja, katika timu ya ligi ndogo ya mji wa mbali, kwa posho ambayo nilipoigawanya kwa saa za kazi nilidhani nimekosea hesabu. Nyumba ajitafutie. Nikamwambia, "Mwanangu, hii si kazi, huu ni mchango." Akacheka. "Baba, nje ya mlango ule wapo mia wanaoitaka bure."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli ule ndio ulioninyima usingizi. Kwa maana niliwahi kuutumia mimi mwenyewe.

Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Miaka ile mishahara ilikuwa ikichelewa, na siku moja alikuja ofisini mwalimu kijana, mwenye mtoto mgongoni, kuuliza habari za fedha zake. Sikuwa nazo. Nilipaswa kumwambia, "Sina, na ni aibu kwamba sina." Badala yake nikajiweka sawa kitini na kumwambia kwamba ualimu ni wito. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Basi mwalimu, niandikie barua nimpelekee mwenye duka, umweleze kuwa ni wito." Sikuiandika. Yeye aliendelea kufundisha, tena vizuri, kwa kuwa alikuwa akiwapenda wale watoto, nami nilijua kwamba ataendelea. Ndiyo maana nilithubutu kusema nilichosema.

Hapo ndipo penye swali langu. Mwenye kupenda kazi yake amekwisha kulipwa nusu kwa furaha anayoipata? Watu wengi wenye busara watajibu kwamba ndiyo: kazi chafu ilipwe zaidi, kazi tamu ilipwe pungufu, na hakuna aliyemlazimisha mtu. Zaidi ya hayo, binti yangu hakujiona ameonewa. Alikuwa akiimba akifunga mizigo. Itakuwaje nimlilie mtu anayeimba?

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Furaha ile ilikuwa mali yake mwenyewe. Haikutoka mfukoni mwa mwajiri, basi mwajiri anaihesabu vipi kama sehemu ya malipo aliyotoa? Aliikuta tayari, akaikata kwenye mshahara. Na lipo jingine, ambalo nililiona pale tu nilipoanza kutuma fedha za kodi ya chumba kila mwezi. Nilikuwa nimekuwa mdhamini wa timu ya besiboli ambayo sikuwahi kuiona ikicheza! Kijana mwingine, mwenye mapenzi yaleyale lakini baba yake hana cha kutuma, aliondoka Opryland na tai yake mfukoni. Husemwa kwamba mishahara midogo huchuja wasiopenda kwa dhati. La hasha. Huchuja wasio na wa kuwatumia.

Wachezaji wa ligi ndogo walikuwa katika hali hiyohiyo. Mwezi Machi 2018, ndani ya sheria ya bajeti yenye kurasa zaidi ya elfu mbili, Bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha kuwaondolea haki ya malipo ya saa za ziada. Lakini wao walipata sauti. Kesi waliyoifungua 2014 ilimalizwa kwa maafikiano ya dola milioni 185 mwaka 2022, mwaka huohuo wakajiunga na chama cha wafanyakazi, na mkataba wa 2023 ukapandisha kima cha chini cha ngazi ya mwanzo kutoka dola 4,800 kwa mwaka hadi 19,800. Sijasikia kwamba mapenzi yao kwa mchezo yalipungua kwa kiasi hichohicho. Wauza tiketi na waburuta turubai hawakuwamo katika mkataba ule.

Binti yangu alidumu misimu minne. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifuta msimu mzima wa ligi ndogo, naye akarudi nyumbani na masanduku mawili. Sasa anaweka hesabu za kampuni ya malori, analipwa vizuri, na haimbi akienda kazini. Mkutano ulipokuja tena Opryland Desemba 2023 nilimuuliza kama angependa twende tukatembee ukumbini. Alisema ana mafua.

Lakini kila Jumamosi ya kiangazi huamka alfajiri kwenda kuwafundisha watoto wa mtaa besiboli. Halipwi hata senti, na mipira hununua mwenyewe. Mara nyingine humsindikiza, nikakaa kwenye benchi na chupa yangu ya chai. Nimejaribu kuona dhuluma pale nikaikosa. Pale hakuna mtu anayekusanya viingilio. Yule mwalimu kijana naye ananijia nikiwa nimekaa hivyo. Nimewahi kuulizia habari zake Tanga mara mbili, kwa watu wawili tofauti. Hawakumjua.

Juzi binti yangu alinipa daftari na kalamu ya risasi niandike alama za mchezo. Mchezo ulipokwisha alilisoma, akatikisa kichwa. "Baba, umewanyima hawa watoto mbio tatu," akasema, akakaa chini kusahihisha.