Mtoto Akiuliza, Usimkemee

Leo naanza na toba yangu mwenyewe.

Mwaka jana, baada ya ibada, binti yetu mmoja anayesomea kemia chuoni alinijia. "Pasta, tunafundishwa kwamba kabla ya uhai kuwako, kemikali ziliungana zikawa peptaidi. Sasa Mungu alifanya nini hapo?" Nilimkemea mbele ya wenzake, nikasema hayo ni ya shetani. Akanyamaza. Jumapili iliyofuata hakuja.

Nilikemea nisichokijua. Basi nikaketi nikasoma.

Mwaka 1952, kule Chicago, mwanafunzi Stanley Miller alitia methani, amonia, hidrojeni na mvuke wa maji ndani ya vyombo vya kioo, akapitisha cheche za umeme mfano wa radi. Baada ya siku chache alipata asidi amino. Mwaka 1969 kimondo kilianguka Murchison, Australia, nacho kikakutwa nazo.

Asidi amino ni kama shanga. Ukizitunga chache unapata peptaidi. Mnyororo mrefu ndio protini, kama zile za mwili wako. Lakini kuna ugumu: kila shanga mbili zikiungana, hutoa molekuli moja ya maji. Kwa hiyo ndani ya maji mengi haziungani kwa urahisi. Wanasayansi wamejaribu kuzilowesha na kuzikausha tena na tena, kama kidimbwi kinachokauka kwa jua na kujazwa na mvua. Wamejaribu joto, gesi ya volkano, hata udongo wa mfinyanzi. Minyororo mifupi hutokea kweli. Ila mnyororo si uhai, na hakuna maabara iliyotoka hapo ikafika kwa seli hai.

Wapendwa, nilipofika kwa udongo nilisimama. Si Mwanzo 2:7 inatuambia tulitoka mavumbini, kisha Mungu akapuliza pumzi? Mbona basi niliogopa mtu akichunguza mavumbi?

Hebu fikirini mvua. Tunajua maji hupanda kama mvuke, yakawa mawingu, yakashuka. Je, kuna mkulima hapa aliyeacha kushukuru kwa sababu hiyo? Hakuna! Tukimweka Mungu pale tu ambapo sayansi haijafika, tumempangishia chumba kidogo, na kila mwaka kinazidi kupungua. Mungu wetu si mpangaji. Mavumbi ni yake, radi ni yake, na sheria zinazounganisha shanga hizo ni zake.

Nilimpigia simu binti yule nikaomba msamaha. Akasema, "Sawa, Pasta." Bado hajarudi. Namngoja.

Wazazi, wiki hii mtoto wako akikuuliza jambo gumu, mwambie, "Sijui, tutafute pamoja." Kufanya hivyo si kukosa imani. Kiburi changu ndicho kilichomfungia mlango mtoto wa Mungu, wala si kemia.

Bwana atusamehe, awarudishe wote tuliowafukuza kwa hofu yetu. Amina.