Kuwakumbuka Wazazi Tukiwa Ugenini

Amri ya nne yatuagiza tuwaheshimu baba na mama. Mzazi akiwa hai, twajua la kufanya: tumsikilize, tumtunze, tumlishe. Lakini akiisha kufa, nasi tunakaa nchi ya mbali, amri hiyo yatutaka nini? Swali hili latusumbua sisi wenyewe kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Agosti.

Wasomaji wa Kongo waijua siku hiyo: ni sikukuu ya wazazi. Asubuhi watu huenda makaburini kuwakumbuka waliokufa, halafu hurudi nyumbani kuwafurahia walio hai. Kwetu Simi-Simi, mjini Kisangani, marehemu mama alituamsha kabla ya jua kuchomoza. Tulibeba jembe, panga na ufagio, tukaenda kupalilia kaburi la babu. Tuliporudi, makemba yalichemshwa, yakatwangwa katika kinu mpaka yakawa lituma, tukala kwa sombe na samaki wa mtoni. Lakini hatukuruhusiwa kugusa chakula mpaka sahani ya kwanza imepelekwa kwa mjane jirani, mzee asiye na mtoto. “Yeye leo hana wa kumsalimu,” alisema mama. Sisi watoto tulinung’unika, maana njaa ilituuma, na sahani ile ilikuwa na kipande kikubwa cha samaki.

Sasa mama amelala katika makaburi yale yale, nasi twakaa Ubelgiji. Huku tarehe 1 Agosti ni siku ya kazi kama siku nyingine. Kila mwaka twampelekea mdogo wetu fedha, apalilie kaburi. Mwaka mmoja tulimwuliza kwa simu, kwa sauti ya tajiri, kama kazi imekwisha. Akajibu: “Yaya,” maana ndivyo mkubwa aitwavyo kwetu, “fedha imefika. Lakini wewe hujafika.” Neno hilo lilituchoma. Tukaenda Matonge, mtaa wa Brussels wenye maduka ya Wakongo, tukanunua makemba na sombe, tukapika lituma. Ilikuwa tamu. Tulikula peke yetu, mlango umefungwa, na huzuni haikupungua.

Tumtazame basi mama mwingine wa Afrika, Mtakatifu Monika, ambaye sikukuu yake ni tarehe 27 ya mwezi huo huo. Kwao Afrika ya Kaskazini alizoea kupeleka uji, mkate na divai penye makaburi ya watakatifu. Alipomfuata mwanawe Agostino mjini Milano, mnamo mwaka 385, alikwenda na kikapu chake vile vile. Bawabu akamzuia. Askofu Ambrosi alikuwa amekataza, kwa sababu walevi walipata nafasi ya kulewa, tena desturi hiyo ilifanana mno na sikukuu ya wapagani wa Roma ya kuwapelekea wazee wao waliokufa vyakula. Monika hakugomba. Agostino asimulia katika Maungamo yake ya kuwa mama aliacha kikapu, akaja na moyo uliojaa sala, na alichoweza kutoa akawapa maskini.

Mwaka 387 Monika alifariki Ostia, mbali na kwao Tagaste, katika nchi iitwayo sasa Algeria. Zamani alitamani sana kuzikwa karibu na mumewe, hata kaburi alikwisha liweka tayari. Lakini alipokaribia kufa aliwaambia wanawe wasihangaike na mwili wake. Aliomba jambo moja tu: wamkumbuke mbele ya altare ya Bwana, popote watakapokuwa.

Mtu atasema: Basi, desturi si kitu, tuziache. La, hasha! Kanisa lenyewe halikufikiri hivyo. Katika Misa ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, wazee wetu wenye moyo mnyofu hutajwa pamoja na watakatifu. Desturi hufundisha mwili kabla akili haijaelewa. Kama mama asingalituacha na njaa mbele ya chungu kilichojaa, tusingalijua sahani ile ilikuwa na maana gani. Kosa letu halikuwa kukaa mbali. Kosa letu lilikuwa kushika lituma na kusahau sahani. Tena, mkono wa mdogo wetu ulikuwa ukifanya kazi yetu penye kaburi. Tulimwia shukrani, nasi tukamfanyia ukaguzi.

Basi tulimwomba radhi. Tarehe 1 Agosti iliyofuata tuliomba Misa kwa ajili ya mama, na jioni, kabla ya kula, tulipeleka sahani ya kwanza orofa ya chini, kwa mjane mmoja Mbelgiji aishiye peke yake. Lituma hakuipenda sana. Lakini aliuliza ni nani aliyetufundisha kuipika, tukaketi, tukamsimulia habari za mama mpaka usiku.

Ndugu wasomaji, huzuni yetu haikwisha, wala hatuombi iishe. Kaburi liko mbali, lakini jirani yuko karibu. Kila mmoja na ajiulize: mzazi wangu alimpelekea nani sahani ya kwanza?