Chama Utakachojiunga Nacho Chuoni

Wanangu, barua za vyuo zimetoka na wengi wenu mnafunga virago. Yupo atakayebaki hapa Turkana, katika chuo kikuu kishiriki kilichoko Lodwar. Yupo atakayepanda basi la Kitale aendelee hadi Kakamega, Eldoret au Nairobi. Na yupo kijana wa kambini, wa Kakuma au Kalobeyei, ambaye jina lake limo katika orodha ya wanaokwenda Kanada. Mambo ya masomo nawaachia walimu wenu. Mimi nina neno kuhusu kundi mtakalojiunga nalo mkifika.

Wiki za kwanza ni ngumu. Mkopo wa HELB haujaingia, chumba hakijapatikana, na lafudhi yako ukiagiza chai tu inakutangaza. Hapo ndipo anapotokea mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anakuita ndugu, anakupa godoro na kukualika mkutanoni. Binti naye hutafutwa mapema zaidi, na watu wazima wanaojua hajapata rafiki bado. Huenda anayekualika ni mtu mwema. Chama cha wanafunzi wa kaunti ndicho kinachopitisha mchango mwenzenu akifariki mbali, hadi mwili ufike Lodwar. Siwakatazi kuwa na watu. Nawaonya dhidi ya kundi linalokupokea ili likutenge na wengine.

Kenya imeliona hilo, pale chama kilichowaunganisha wanafunzi wote kilipovunjwa. Mwaka 1982 Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Akafia gerezani mwaka 1988. SONU yenyewe ilipigwa marufuku tena mwaka 1987, na katika miaka ile vyama vya wilaya ndivyo vilivyopewa nafasi ya kustawi. Wanafunzi wa makabila yote wakisema neno moja, serikali ilikosa usingizi. Wakigawanyika kiwilaya, wakawa wageni wa wakubwa. Njia hiyo haijafutika. Mwanasiasa bado anajua kwamba ukiwakodia vijana basi la kurudi nyumbani na kuwalipia karamu ya kuwakaribisha wageni, siku ya kura utawakuta wamepangwa tayari.

Kwingine mambo yalivuka mipaka zaidi. Mwaka 1952, huko Ibadan, Nigeria, wanafunzi saba, Wole Soyinka akiwa mmoja wao, waliunda udugu wao wa chuoni wakipinga majivuno ya kitabaka. Baadaye yakachipuka makundi mengine ya viapo na usiri, na silaha zikaingia. Mwezi Julai 1999, katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo, kundi moja la aina hiyo lilivamia mabweni usiku na kuua wanafunzi. Marekani nako, mwezi Februari 2017, Timothy Piazza, kijana wa miaka 19 katika Chuo Kikuu cha Penn State, alinyweshwa pombe nyingi usiku wa kuingizwa katika udugu wa chuoni. Akaanguka kwenye ngazi, na waliojiita ndugu zake wakachelewa saa nyingi kumwitia msaada. Alifariki. Ninyi mliosoma shule za bweni mnaijua mbegu ya jambo hili: mono anateswa kidato cha kwanza, na akipanda darasa anamtesa mwingine, akidai ndiyo desturi.

Msidanganywe kwamba mateso na siri ndiyo mila ya kuwa mtu mzima. Sisi Waturkana tuna asapan. Kijana humchoma ng'ombe dume kwa mkuki mbele ya wazee, hupakwa majani ya tumboni mwa mnyama huyo, na nyama huliwa na watu. Jambo hilo hufanyika mchana, na mama yake anajua yuko wapi. Tena tazameni hekima ya mpangilio wetu: baba akiwa Ngimor, watu wa mawe, mwanawe ni Ngirisae, watu wa chui, na mjukuu hurudi kuwa wa mawe. Kwenye karamu pande hizo huketi mbalimbali, lakini jioni baba na mwana wanarudi boma moja. Hakuna upande unaoweza kuuchukia mwingine bila kuichukia nyumba yake. Wazee waliotuachia mpango huo walijua kundi la watu wanaofanana tupu linaweza kufanya nini.

Na vyama vya wanafunzi vilivyo vyema vipo. Kijana wa Kakuma anayekwenda Kanada kwa mpango wa wakimbizi wa WUSC, shirika la Kanada, ulioanza mwaka 1978, anapelekwa na wanafunzi wenzake. Katika vyuo vingi vya huko kila mwanafunzi hutoa kiasi kidogo pamoja na karo yake, na kamati ya wanafunzi humpokea mgeni, ikamwonyesha benki, duka na koti la baridi. Waliolipa hawajui kabila lake, na wengi wao hawatamwona kamwe.

Kwa hiyo, kabla ya kuandikisha jina lako, uliza. Naweza kumweleza mama yangu yote yatakayofanyika siku ya kuingia? Naweza kuondoka bila kutishwa? Pesa zinatoka wapi, na anayezitoa anataka nini? Yumo ndani mtu asiyefanana nami? Jibu moja likiwa la kukwepa, aga kwa heshima uondoke. Wakikuita mwoga, kubali jina hilo uende ukasome. Msikate simu za nyumbani kwa sababu ya marafiki wa muhula mmoja. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Na ukimwona mwenzako anapelekwa mahali usiku kwa siri, ita mlinzi, ita daktari, ita yeyote, hata kama wewe mwenyewe umeapishwa kunyamaza. Kiapo cha kuacha mtu afe hakina nguvu mbele ya Mungu wala mbele ya wazee.

Mwaka ujao wageni mtakuwa si ninyi tena. Atashuka kijana kutoka Lokichoggio, Lokitaung au kambini, ana sanduku moja na hajui pa kulala. Mpeni godoro, mwonyesheni maktaba na zahanati, kisha msimdai chochote.