Petali ya Tatu

Mvua za vuli zikisha kushika Mwanza, maji hupenya kati ya majabali ya vilima vyetu na kuteremka Ziwani, na kandokando ya vijito huchanua maua ya samawati, madogo kama ukucha. Wapitao huyakanyaga wasijue. Kijana mmoja wa parokia, tulipokuwa tukifuata kijito pamoja, alituambia, “Padre, hilo ni gugu tu.” Alisema kweli. Mama yake huling’oa shambani kila mwaka, nalo huota tena kutoka kipande cha shina kilichosahauliwa.

Wataalamu huliita Commelina benghalensis. Jina hilo alilieleza Linnaeus, bingwa wa mimea wa Uswidi, mwaka 1737. Ua lina petali tatu: mbili pana zenye rangi, mfano wa Jan na Caspar Commelin wa Uholanzi, waliosifika kwa elimu ya mimea; na ya tatu, ndogo, isiyoonekana upesi, mfano wa Commelin mwingine aliyekufa kabla ya kutimiza lolote katika elimu hiyo.

Kisa hiki huwachekesha wengi. Sisi hakitupendezi sana, kwa kuwa gugu lenyewe lakikanusha. Maua yake ya juu hufunguka asubuhi, na jua likipanda hujikunja, yamekwisha. Lakini fukueni mzizi wake. Mtakuta chini ya udongo maua mengine, yasiyofunguka kamwe, yasiyoona jua wala nyuki, nayo huzaa mbegu. Tena baadhi ya mbegu hizo ni kubwa kuliko zote za juu. Bwana wetu alipotuamuru tuyatazame maua ya kondeni, hakutuambia tuchague yapi.

Enyi wazazi, hesabu ya Linnaeus yafanyika hata katika nyumba za Wakristo. Mtoto wa kwanza yuko chuo kikuu, wa pili ameajiriwa, na sifa zao husimuliwa kwa kila mgeni. Wa tatu, aliyeshindwa mtihani, hutajwa kwa kuguna. Sisi twaiita dhambi, ingawa wengi huiona kuwa mazungumzo tu. Tumeketi katika nyumba za namna hiyo, na mara nyingi huyo wa tatu ndiye aliyetuletea maji ya kunawa, akasimama na taulo mkononi, akingoja, hesabu ile ikiendelea.