JUMATANO: Usiung'oe Mwaridi Mwezi wa Tisa

Soma Luka 13:6-9. Mtunza shamba anaomba nini kwa bwana wake, na anaahidi kufanya nini yeye mwenyewe?

Mwanza hatuna theluji. Majira yetu magumu ni kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, jua likikausha udongo mwembamba ulio katikati ya mawe. Mwaridi uliopandwa mlangoni pa nyumba huko Nyegezi au Kirumba hupukutisha majani, matawi hugeuka kahawia, na mbuzi humalizia kilichobaki. Vuli ikichelewa mpaka Novemba, mwenye nyumba huchukua jembe. Anachokiona ni kuni zenye miiba.

Anayeijua miwaridi hafanyi haraka. Hukwaruza gome kwa ukucha, kuanzia juu. Akikuta pamekauka, hushuka kidogo na kukwaruza tena. Akiona ukijani, hata kama ni kidole kimoja tu juu ya ardhi, hukata yaliyokufa juu yake, hupalilia, humwagilia, hutia samadi iliyooza na kufunika udongo kwa nyasi kavu (akiwachunga mchwa). Kisha hungoja. Katika nchi za baridi kali kama Kanada, watunza bustani hurundika udongo kwenye shina kabla ya theluji, na majira ya kuchipua yakichelewa hawakimbilii kung'oa. Matawi yote ya juu yanaweza kufa, na uhai ukawa umebaki chini.

Mtunza shamba wa Luka hakubisha kwamba mtini haukuwa na matunda. Miaka mitatu ilitosha kuwa ushahidi. Wala hakukana kwamba siku ya kuukata ingeweza kufika. Aliomba mwaka mmoja zaidi, na kazi ya kuchimba na kutia samadi akajitwisha mwenyewe. Hapo ndipo tunaporuka. Tunamwombea ndugu apewe muda, lakini jembe hatulishiki.

Baraza la kanisa linapopitia kitabu cha washiriki, husomwa majina ya watu wasioonekana siku nyingi. Yupo kijana aliyeanza kuvua dagaa usiku, ambaye alfajiri ya Sabato ndiyo kwanza anafika mwaloni. Yupo mama aliyeacha kuja baada ya kumzika mumewe; tulikula matanga kwake, tukaondoka, hakuna aliyerudi. Mjumbe mmoja atasema, "Hawa walishakufa kiroho, tuwafute." Ni nani aliyekwaruza gome? Kanuni ya Kanisa letu haimwondoi mshiriki kwa sababu tu hahudhurii. Inawataka viongozi wamtembelee. Lakini kufuta jina ni kazi ya dakika moja. Kupanda daladala hadi Igoma mara tatu, na mara mbili ukamkosa, ni kazi nyingine.

Bwana Yesu hakutuambia kama mtini ule ulizaa mwaka uliofuata. Mfano unaishia mtunza shamba akiwa bado hajaanza kuchimba.

Soma pia Ayubu 14:7-9. Ni nini kinachouamsha mti ambao shina lake linaonekana limekufa udongoni?

Ni jina gani katika darasa lenu ambalo halijatajwa tangu robo iliyopita? Nani kati yenu atakwenda kwake kabla ya Sabato ijayo, naye atakwenda na nani?